Gari Lisiloleta Mzoga

Mpaka leo nikisikia mtu anamsifu Mselem kwa uchaji Mungu, mate hunijaa mdomoni, na si ya tamaa. Ni yale yanayotangulia kutapika. Mwaka wa hamsini na mbili ungemuuliza mtu yeyote wa Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, ng'ombe wa Idi apakiwe gari la nani, angekujibu la Mselem. Kisa nini? Gari lake halijaleta mzoga hata siku moja. Ng'ombe wa wenzake walikufa njiani wakatupwa maporini, wake hawakufa. Namna alivyolifanikisha hilo hatukuuliza. Laiti ningeuliza, dume wetu angekuja Tanga kwa miguu yake.

Dume mwenyewe hakuwa wa biashara. Ndugu yangu Uweso alipochukuliwa kwenda vitani Burma, mama yetu Kijakazi alitoka uani akainua mikono, akaweka nadhiri: mwanangu akirudi mzima, viungo vyake vyote, nami nitachinja dume mzima siku ya Idi Kubwa, viungo vyake vyote. Uweso akarudi, hata kucha haikumtoka. Lakini mama hakuwa na dume. Alikuwa na ndama jike mmoja kule kwetu Mwera. Akamngoja akue, akazaa jike, akamngoja tena, ndipo akazaliwa dume mwekundu mwenye kipaji cheupe, mama akamwita Ahadi. Akamlea kwa mkono kama mjukuu. Macho ya mama yalipofunga kwa mtoto wa jicho nilimchukua nikae naye Tanga, na Ahadi akabaki kwa mjomba. Mgeni akitoka Mwera, mama humuuliza habari za ng'ombe kwanza, za watu baadaye.

Mwaka ule mama akasema wakati umefika. Alikuwa anakohoa, na mwenyewe alijua. Masharti kila mtoto wa chuo cha Kurani anayajua: mnyama wa Idi asiwe chongo, asiwe kiwete, asiwe mgonjwa, na asichinjwe mpaka watu wametoka kuswali. Ukimtangulizia kisu kabla ya swala umekula kitoweo tu, nadhiri iko palepale.

"Nenda kamlete weye, Mwanamkasi," aliniambia. "Nataka siku hiyo mkono wangu uwe juu yake. Na aje mzima."

Nikaenda. Mjomba alimwogesha Ahadi mtoni Bweni, tukamvusha kwa pantoni mpaka Pangani mjini, na hapo ndipo gari la Mselem lilipokuwa linapakia. Mselem alinipokea kwa heshima zote, kanzu nyeupe pe, tasbihi mkononi. Akaniweka kiti cha mbele upande wa dirisha, yeye akakaa kati, na dereva wake Timotheo, Mbondei wa Muheza, akashika usukani. Nyuma, pamoja na ng'ombe, alipanda mtu mmoja mrefu aitwaye Mwinyijuma, mwenye kisu kiunoni na kopo lililofunikwa kwa kitambaa. Nilidhani ndiye mchungaji wao.

Njia nzima Mselem alinizungumzia dini. Nilisikia vishindo nyuma, ng'ombe wakigongana na mbao, nikauliza kama wamepewa maji.

"Wakinywa watakojoa, dada," akasema kwa upole. "Wakikojoa ubao unateleza, wanavunjika miguu. Kazi hii ina ujuzi wake."

Nikamwachia, maana nilidhani anajua.

Muheza tukasimama adhuhuri. Kumbe Mselem ana mzigo mwingine: matenga ya machungwa. Wapagazi wakayapandisha nyuma na kuyapanga kuanzia kichwani mwa gari kurudi nyuma, ng'ombe wakasukumwa wakabanana hata vichwa vyao vikawa juu ya migongo ya wenzao. Nikataka kusema neno, adhana ikasikika. Tukaenda kuswali. Mselem ndiye aliyetuswalisha, na kisomo chake, sisemi uongo, kilikuwa kizuri.

Niliporudi nilimkuta Ahadi amesimama akitetemeka, jicho la kushoto limefumba na machozi yanamchuruzika mpaka puani. Mwinyijuma alikuwa anafunika kopo lake. Harufu ilinipiga kabla sijauliza. Pilipili kichaa, zimepondwa na maji, na kitambaa cha kuzipakia.

"Alilala," Mwinyijuma akaniambia, kama mtu anayeeleza namna ya kusuka ukili wa mkeka. "Akilala wenzake wanamkanyaga. Unampaka jichoni, anainuka. Asipoinuka unauvunja mkia, pingili moja moja. Wengi huinuka kwa pilipili."

"Unampaka macho mtu wa nadhiri!"

"Si mtu, bibie."

Nilimgeukia Mselem, ambaye alikuwa bado na majimaji ya udhu kwenye ndevu. Hakuona aibu. Akaniambia ningeshukuru, angelala angekufa, na ndiyo maana gari lake linaaminika. Nikatazama ng'ombe wengine. Karibu wote macho yamewavimba kama vitumbua. Mikia miwili ilining'inia imepinda. Mmoja alikuwa analamba mkojo uliokuwa ukipita kati ya mbao, kwa kiu. 

Sikurudi mbele. Nilijifunga buibui kiunoni nikapanda nyuma kwa Ahadi, na Mselem alipolalamika kuwa si heshima mwanamke kusafiri na ng'ombe, nilimwambia heshima ya gari lake nimeshaiona. Tukaondoka. Nililowesha upande wa kanga yangu kwa maji niliyobeba kwenye chupa nikamfuta jicho, lakini lilikuwa limekwishageuka rangi. Miguu yangu ilikuwa ndani ya samadi mpaka vifundoni.

Kabla ya Pongwe mtamba mmoja mweupe alianguka. Mwinyijuma akampaka, hakuinuka. Akauvunja mkia, nikasikia mlio wa pingili kama muwa unaovunjwa, hakuinuka. Basi akapanda juu ya migongo ya wenzake, akamvuta kichwa kuelekea kibla kadiri alivyoweza ndani ya gari linalokwenda, akasema bismillahi, akamchinja. Pale pale. Damu iliwarukia ng'ombe wengine usoni, nao hawakuwa na pa kukimbilia, wakawa wanakoroma na kukanyagana juu ya aliyekuwa bado anatapatapa. Mimi ilinienea kifuani.

Nikaelewa sasa. Hii ndiyo sababu gari la Mselem halileti mzoga. Kazi ya Mwinyijuma ni kumwahi anayekufa, afe kwa kisu, nyama iwe halali, mwenye mali asipate hasara. Mselem aliona kwamba hapo amemaliza wajibu wake wote. Kufa kwao alikuwa amekutengenezea utaratibu mzuri kabisa. Kuishi kwao hakukumhusu.

Mara Ahadi naye akapiga magoti, kisha akalala ubavu. Mwinyijuma akafuta kisu kwenye paja akaja.

"Tokomea, usimguse!"

"Anakufa, bibie. Nimwache afe haramu?"

"Idi keshokutwa! Ukimchinja leo ni kitoweo!"

"Afadhali kitoweo kuliko mzoga," akasema, na naapa alikuwa ananihurumia. Huyo ndiye aliyenitia kinyaa kuliko wote, maana hakuwa mkatili. Alikuwa mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Nilimlalia Ahadi shingoni, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili, nikamwambia kama ni kisu basi kianze na mimi. Kwa mguu nikawa ninapiga mbao za ubavu wa gari huku nikimwita Timotheo kwa ukelele wa msibani. Timotheo akasimamisha gari. Mselem akashuka, akanieleza kwa utulivu kwamba ninakufuru, kwamba ninaiharibu neema.  Timotheo naye akashuka, akamtazama yule mtamba, akanitazama mimi nilivyolowa damu, kisha akarudi kwenye usukani akalirudisha gari nyuma taratibu mpaka mkia wake ukagusa tuta la udongo kando ya barabara. Tukamburura Ahadi mimi na yeye, Mwinyijuma akasaidia pia. Gari likaondoka, Mselem akiniombea heri dirishani.

Mwanamke mmoja aitwaye Bibiana, mke wa mkata mkonge, alitoka kwenye kambi ya shamba la jirani akatukuta pale.  Alileta maji kwa debe, akarudi akaleta jingine. Ahadi alikunywa akiwa amelala, kisha jioni akainuka mwenyewe bila kupakwa chochote. Usiku tulilala kwake. Asubuhi tukaanza kutembea polepole, mimi mbele na kamba, yeye akijigonga kila penye kitu upande wa kushoto.

Uweso alitupokea nje ya nyumba, alasiri ya siku ya Arafa. Alimtazama Ahadi usoni, rangi ikamtoka. Jicho lilikuwa jeupe lote, kama yai lililochemshwa.

"Dada," akaninong'oneza, "mama haoni. Tusimwambie. Nia yake Mungu anaijua."

Nilitaka kumpiga kofi. Nadhiri iliwekwa kwa ajili ya uhai wake, na yeye ndiye wa kwanza kutaka kuifunika. Lakini hatukupewa nafasi ya kugombana, maana mama alikwishasikia kwato, ametoka anapapasa ukuta. Akamfikia. Mkono ukaanzia kwenye pembe, ukashuka kwenye kipaji, ukapita jicho la kulia, ukaenda la kushoto. Ukasimama. Akapeleka vidole puani.

"Pilipili," akasema.

Nikamweleza yote, sikubakisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimpeleke kwa Mselem.

Zizi la Mselem lilikuwa nyuma ya soko, na alasiri hiyo limejaa watu waliokuja kuchukua wanyama wa kesho. Mselem alimwona mama akaacha wateja wote.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nimesikitika sana. Lakini nadhiri haitakwama kwangu. Chagua dume yeyote humu, bure, sitaki kitu."

"Marahaba, mwanangu. Nitachagua."

Nikamwingiza ndani. Mama akaanza na wa kwanza, akampapasa uso. "Huyu chongo," akasema, akasogea. "Huyu macho yote mawili." Akasogea. "Huyu mguu haukanyagi." Hakupaza sauti, lakini watu wa zizi zima walimfuata kwa macho kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Wote walikuwa wakisikia. Nami nilijisikia vizuri, nikajua leo Mselem ameumbuka.

Mzee Hashil, mwenye mashamba ya minazi, alikuwa ameshika kamba ya dume wake mweusi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyu wangu, bi Kijakazi?"

Mama akampapasa. "Wako chongo, Mzee Hashil. Hafai."

Mzee Hashil akamwinamia ng'ombe wake, akamfunua kope kwa kidole. Aliona. Nilimwona akiona. Kisha akajisawazisha kilemba.

"Lakini nimeshaalika watu," akasema, akamvuta kamba wakaondoka.

Ndipo na wengine wakachukua wao. Mmoja mmoja, bila kutazamana, wakipita kando ya mama. Hakuna aliyeuliza tena. Mpaka magharibi zizi lilikuwa tupu, na Mselem amesimama mlangoni akimpa kila mtu mkono wa Idi. Mama hakupata wa kuchagua, kwa kuwa hakuwamo mzima hata mmoja.

Asubuhi watu waliswali, wakachinja. Harufu ya maini ya kukaanga ilijaa Ngamiani nzima, na mimi, niliyekuwa nikiisubiri kila mwaka tangu utotoni, nilifunga pua kwa kanga. Saa ya chai akaja mjumbe na sahani kutoka kwa Mselem, imefunikwa kawa zuri la rangi: maini, figo, na kipande cha nundu. Uweso akaipokea, hakujua aiweke wapi.

"Rudisha," mama akasema. "Mwambie Mselem, nadhiri yangu mimi nitamalizana na Mungu, nikijaliwa umri. Yeye ajiandae kumalizana na ng'ombe."

Hakujaliwa umri. Alikufa kabla ya Mfunguo Tatu mwingine, mwezi wa Idi Kubwa, kuingia, na neno lake la nadhiri ameniachia mimi. Ahadi yuko, amezeeka, hafai kwa Idi wala sitamuuza.

Siku ile ya Idi, sahani iliporudishwa, mama aliomba maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akatoka uani kumsafisha Ahadi jicho. Alimwendea upande wa kushoto, ng'ombe hakumwona, akaruka kwa hofu nusura amwangushe. Mama akarudi nyuma. Akazunguka pole pole, mkono mmoja ukutani, mwingine na bakuli, mpaka upande wa jicho zima, akasimama hapo kwanza ili aonekane.