Nondo Aliyetua Kwenye Krimu

Majirani walimwita Mama Sabuni, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa akioka keki za harusi nyumbani kwake, na jikoni mwake hata nzi alipaswa kubisha hodi. Basi Mungu, kwa mapenzi yake, akampa mume wa wadudu.

Mume alifanya kazi makumbusho, kwenye chumba cha wadudu waliokaushwa. Paa la chumba hicho lilipoanza kuvuja, akaleta nyumbani gunia la pembe za ng'ombe alizookota nyuma ya machinjio na kuzichunguza humo, akalisweka stoo kimyakimya.

Lakini uvundo haufichiki. Mama Sabuni aliufuata hadi stoo, akafungua gunia, akaziba pua. Pembe zilikuwa zimeota vidole! Zilitokeza vijibomba vya kinyesi na nyuzi, vya rangi ya matope, na ndani ya kimoja kitu cheupe, laini, kilikuwa kikijinyonganyonga.

"Hao ni viwavi," mume alisema kwa upole, kama anayemtambulisha ndugu yake. "Wanakula pembe. Wakikua wanakuwa nondo. Angalia huyu."

Akamwonyesha nondo mmoja mdogo, mfu, kwenye kisanduku. Kichwa kilikuwa na manyoya ya rangi ya kutu, yamesimama kama ya mtu aliyetoka kulala. Mabawa ya kijivu, yamekunjwa, na kila bawa lina doa jeusi. Kwa mbali ungedhani ni kinyesi cha shomoro.

"Wale wanaojulikana wana madoa mawili kila bawa," mume alieleza. "Huyu ana moja. Nadhani ni spishi mpya. Ila doa halitoshi, lazima nimkate tumbo, nilichemshe kwenye magadi makali, nitazame sehemu zake za siri. Nondo hutofautishwa hapo. Na jike sijampata bado."

Mama Sabuni alimtazama. "Unachemshia wapi?"

Mume akakohoa.

"Mume wangu, unachemshia wapi tupu za wadudu?"

"Kile kisufuria kidogo cha maziwa."

Kisufuria kilitupwa jalalani siku ileile, na mke hakunywa chai yenye maziwa wiki nzima. Akaamuru gunia liondoke. Mume akaomba subira, paa lizibwe kwanza. Mke akasubiri. Lilikuwa kosa lake.

Asubuhi ya harusi ya binti wa jirani, keki ilikuwa mezani, nyeupe pe, imekamilika. Mama Sabuni aliinama kuweka ua la mwisho, akaona doa la kijivu. Lilitikisika. Nondo alikuwa amezama katika krimu hadi kifuani, mabawa yamelowa, akipapatika na kuacha unga wake mchafu juu ya weupe ule, na kutoka nyuma ya tumbo nene akisukuma mayai.

Alipiga ukelele. Mume akaja mbio, akainama, na badala ya kusema pole akashika kichwa.

"Jike!" alisema, macho yakimlengalenga. "Mke wangu, umenipatia jike!"

Akamchomoa kwa kibano huku akimpulizia taratibu. Mke alikimbilia karo, akatapika hadi nyongo. Kisha akaitupa keki yote, akasugua meza, akamwendea mama wa bibi harusi na kumweleza ukweli, akaoka upya huku akilia. Keki ilifika ukumbini wageni wakinyanyuka kuondoka.

Gunia lilitoka jioni hiyo. Mume alilibeba mwenyewe.

Miezi ikapita. Siku moja akarudi na jarida la wataalamu, anatabasamu hadi magego. Spishi mpya ya nondo imekubaliwa, na ameipa jina la mke wake, kumshukuru.

Mama Sabuni alilisukuma jarida kando. "Mimi? Mla pembe? Lifute!"

"Halifutiki. Likishachapishwa ndiyo basi. Ndiyo sheria."

Mama mkwe, aliyekuwa amewatembelea, aliuliza, "Nondo gani? Hizi za kujengea?"

"Wadudu, mama."

"Hebu nisomee."

Mume akasoma: jike, kichwa rangi ya kutu, mabawa ya kijivu, tumbo nene.

"Tumbo nene," mama mkwe alirudia, akimtazama mkamwana wake. "Hapo hawakukosea." Akacheka peke yake, kisha akamgusa bega. "Samehe, mwanangu. Mavi ya kale hayanuki."

"Haya yananuka, mama," alisema Mama Sabuni, akaenda kunawa mikono hadi viwiko.

Alimsamehe mume, baada ya muda, kwa kuwa alijua hakuwa na zawadi kubwa zaidi ya kumpa. Nondo hakumsamehe. Na mteja akimwuliza kama ni kweli kuna mdudu mwenye jina lake, hujibu bila kuinua uso kwenye krimu, "Majina tu yamefanana."