Kompyuta Isiyo na Skrubu

Kabla ya kupata kompyuta nzuri, Zuleikha alikuwa na kompyuta mbaya, na alikuwa mtu mwenye raha zake.

Ile mbaya ilikuwa kasha la bati, refu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Ubavu mmoja ulikuwa wazi kwa sababu kifuniko kilikwishapotea, na mbele yake ilikaa feni ya mezani ikiyapulizia matumbo yake. Ilinguruma. Mgeni akiingia nyumbani kwao Kiponda, Unguja, alidhani kuna mashine ya kusaga ghorofani. Lakini ilikuwa na tabia moja ambayo Zuleikha hakuijua thamani yake mpaka alipoikosa, nayo ni kwamba ilikubali kuongezwa. Diski ikijaa, alichukua bisibisi akatia nyingine. Kadi ya kuingizia picha kutoka kwenye kamera ikifa, aliing'oa akapachika mpya. Hata nyumba za mtaa ule ndivyo zilivyojengwa: mtoto akioa chumba hupandishwa juu, na pakikosekana nafasi juu, wikio, chumba cha daraja, hutupwa juu ya kichochoro mpaka ukuta wa jirani. Hakuna aliyeambiwa nyumba imejaa, asizae tena.

Kazi yake ilikuwa kupiga na kutengeneza video za harusi, upande wa wanawake. Siku ya kuonyesha bibi harusi hakuna mwanamume anayetia mguu ukumbini. Mabuibui huvuliwa mlangoni, vichwa hubaki wazi, na bibi mwenye wajukuu hucheza kidumbak mpaka akasahau magoti yake. Picha za namna hiyo ni amana, na Zuleikha aliichukua amana kwa mikono miwili. Alifanya kazi mlango umefungwa. Hata mumewe Msabah, mhudumu wa hoteli moja Kiwengwa, akija mapumziko alivaa kofia yake akateremka kukaa barazani mpaka aitwe. Kompyuta ikiugua, Zuleikha alizitoa diski kwanza kwa mkono wake, akazifunga kwenye kanga, akazitia kabatini, ndipo akaipeleka kwa Silima, fundi wa Mlandege. Silima alizoea kumtania kwamba kila siku anamletea mgonjwa aliyeacha moyo nyumbani.

Basi mwaka 2003 Msabah akarudi kutoka Kiwengwa amekumbatia boksi. Alikuwa ameinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akihama kurudi kwao. Ilikuwa kompyuta nyeupe, laini, kubwa kidogo tu kuliko mkate wa boflo, haina feni, haina sauti, haina skrubu hata moja. Msabah aliiweka mezani, akarudi nyuma kuitazama, akasema sasa mke wake atafanya kazi kama wafanyavyo mabingwa wa Ulaya. Siku hiyo hiyo aliibeba ile ya zamani akaipeleka kwa mama yake Mikunguni, na mama akaitumia kuwekea jagi la maji. Mama mwenyewe hakukubali kupitwa. Alidarizi kitambaa cheupe chenye maua ya asumini pembeni, cha kuifunikia mashine ya mkwewe isiingie vumbi.

Sasa mpewa zawadi kama hiyo atasema nini? Zuleikha alishukuru, na alishukuru kwa kweli. Kisha akaanza kazi.

Ilikuwa na tundu mbili tu nyuma. Akichomeka kamera na chombo cha kuandikia sidii, hapana pa kuchomeka kitu cha tatu. Diski ilijaa kwa harusi tatu, na hapakuwa na mlango wa kutilia nyingine. Aliipindua, akaipapasa tumbo na mgongo akitafuta skrubu, kama mtu anayemtafuta kupe kwenye manyoya ya paka. Hakuna. Ikawa hawezi kupokea harusi mpya mpaka amalize ya zamani na kuifuta, na harusi zikapanga foleni kama watu wa kibali cha sukari enzi zile. Mama wa mabibi harusi wakaanza kumuuliza sokoni, kwa sauti zile za kuulizia afya. Akawa hakai akatulia. Huketi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaikuta pale pale ilipo, nzuri, kimya, imeshiba. Wakati mwingine alitamani kuizaba kofi. Lakini Msabah akirudi na kuuliza vipi mashine, alijibu ni nzuri sana, na uongo huo ulimkera kuliko mashine yenyewe.

Foleni hiyo ndiyo iliyoichelewesha filamu ya harusi ya Afra.

Afra alikuwa binti wa Bi Bahiya wa Shangani, mwanamke asiyekiamini hata kivuli chake. Picha zilipokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, Bi Bahiya alizidai kanda za kamera, akazichoma zote uani kwake kwenye seredani ya makaa. Alikuwa amesikia kwamba video ya harusi fulani ilionekana kwa kinyozi, na mpaka leo hajalala vizuri. Akamwambia Zuleikha kwamba sasa picha ziko kwake tu, na zikitoka atajua zimetoka wapi. Zuleikha hakuchukia. Yeye mwenyewe angefanya hivyo hivyo.

Afra akaenda zake Maskati na mumewe. Filamu ikangoja nyuma ya nyingine mbili. Na ilipokuwa ikingoja, bibi yake Afra, mama yake Bi Bahiya, Bi Mwanakheri, akafariki.

Bi Bahiya alikuja baada ya hitima. Zuleikha alimwamkia shikamoo, na marahaba yake ikatoka nyembamba. Hakuulizia filamu ya binti yake. Alisema anataka jambo moja tu, kumuona mama yake anavyocheza. Siku ile ya ukumbi Bi Mwanakheri alijifunga mtandio kiunoni na kuwafukuza vijana katikati ya uwanja, na hakuna picha nyingine yake akicheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kununa mbele ya kamera. Zuleikha alimuahidi Jumamosi.

Ijumaa asubuhi aliiacha kompyuta ikiiunganisha filamu, akafagia. Chumba kilipopendeza aliitazama ile mashine, akaiona kimya, akadhani imeshamaliza na imelala. Ile ya zamani ikiwa macho hata jirani alijua. Hii haikuambii kitu. Akaifunika kitambaa cha mkwewe, akateremka jikoni kupika pilau. Watu walipotoka msikitini ndipo aliposikia harufu ya nguo inayoungua. Alipanda ngazi mbili mbili. Kitambaa kilikuwa na alama ya hudhurungi katikati ya maua, pale kilipoziba upenyo wa joto, na kompyuta haikuwaka tena.

Kwa Silima aliipeleka nzima nzima, moyo ukiwa ndani, na hakuibandua kwapani muda wote aliozungumza naye. Silima aliinusa, akasema kilichoungua ni sehemu ya umeme, na diski huenda i salama. Ingekuwa ile nyingine, angeiponyesha jioni hiyo. Lakini hii imegandishwa kwa gundi, aliyeitengeneza hakutaka ifunguliwe, na sehemu yake haipatikani Unguja. Kuna watu wa duka moja Dar es Salaam wanaochukua mashine kama hizi. Unaiacha kwao, wao huhamisha kila kilichomo, hukiangalia kama kimetoka sawa, kisha hukurejeshea. Zuleikha alimuuliza ni nani wanaoangalia. Silima akainama, akaanza kuchezea bisibisi, maana alikuwa mtu mwenye haya. Alipoulizwa kama inaweza kuvunjwa, aliipapasa kwa kidole na kusema kitu kizuri kama hichi si cha kupigwa nyundo.

Kuivunja haikuwa kazi. Nyundo ilikuwepo nyumbani. Lakini ukishaivunja, diski utaitia wapi? Kwenye ile ya bati iliyo Mikunguni chini ya jagi. Na kwenda kuiomba ile ni sawa na kumwambia Msabah, na mama yake, na mtaa mzima, kwamba zawadi haikufaa kitu. Zuleikha aliizunguka hesabu hiyo mpaka kichwa kikamuuma, na kila njia ilipita kwa Msabah.

Jumamosi akaenda Shangani mwenyewe kusema ukweli. Bi Bahiya alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akasema jambo ambalo Zuleikha hakulitegemea.

"Wape hao wa Dar waifungue. Mama hana tena wa kumuonea haya."

"Bi Bahiya," alisema Zuleikha, "mle ndani hachezi mama peke yake. Wamo watoto wa watu, na kila mmoja alivua buibui lake kwa kuniamini miye."

Bi Bahiya, aliyechoma kanda kwa mkono wake, leo yuko tayari kuufungua mlango kwa sababu ya kiu ya kumuona mama. Aliona haya, na haya ikamtia machozi, na Zuleikha akarudi nyumbani akijiona mwizi.

Siku chache zikapita hivyo. Msabah akaja mapumziko na pweza mkavu ndani ya gazeti. Kompyuta ilikuwa mezani, kitambaa juu, upande ulioungua umegeuziwa ukutani. Baada ya sala ya alasiri alichukua kofia kama ada yake, na Zuleikha akamwambia akae tu, leo hakuna kazi. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu Msabah hakuigusa hata hiyo kofia. Alijinyoosha juu ya mkeka akila kashata, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Zuleikha hakuielewa.

"Nkwambie kitu?" alisema Msabah. "Miye sikuinunua kwa uzuri wake. Yule Mtaliano alinambia inafanya kazi haraka kupita hizi zetu. Nikasema basi, huenda nami nikapata kukaa ndani na mke wangu. Nshachoka na baraza, Zuleikha. Kahawa yote ya Kiponda nshaimaliza miye. Na kweli, tazama, siku ya tatu leo hujanitoa nje."

Angalau kama angeinunua kwa majivuno, Zuleikha angemkasirikia kidogo, akapumua. Aliinuka, akakivuta kitambaa, akakigeuza.

"Imekufa, Msabah. Imekufa na harusi ya Afra tumboni."

Akamwaga yote: tundu mbili, foleni, gundi, Silima, wanaume wa Dar, Bi Bahiya. Alieleza pia kwamba alimdanganya kila alipouliza vipi mashine, kwa sababu alimpenda na hakutaka kumvunja moyo, na kwamba kumdanganya mtu kwa kumpenda ni kazi nzito, yeye ameshindwa. Msabah alikaa na kashata mkononi bila kuila. Uso ulimshuka. Alisema kitu, au alikohoa, Zuleikha hakujua.

"Ile ya bati ingekuwapo?" aliuliza mwishowe.

"Ningeitia diski, ikafanya kazi."

"Na hii?"

"Hii haitoi diski mpaka ivunjwe."

Msabah akavaa viatu akatoka bila ya kuaga. Zuleikha akabaki na zile safari zake, dirishani, mlangoni, dirishani. Alimfikiria mumewe akiwa ufukweni, akiwa kwa mama yake akimsengenya, akiwa kwenye gari ya Kiwengwa asirudi mwezi mzima. Aliiosha sahani iliyokuwa safi. Kisha akasikia ngazi zinalia kwa mzigo, akafungua, akamkuta Msabah amelowa jasho, kasha la bati begani, juu yake alama ya duara la jagi.

Alitandika gunia sakafuni, akailaza ile nyeupe, akatia bisibisi kubwa kwenye mshono uliokuwa hauonekani, akapiga nyundo. Mara ya kwanza iliteleza, akajikata kidole. Mara ya pili ganda likapasuka. Zuleikha alitaka kufumba macho, lakini alimtazama yeye, si mashine, na aliona kwamba kila pigo lilimuuma. Ndani, chini ya uzuri wote ule, ilikuwemo diski ya kawaida kabisa, ndugu ya zile alizokuwa akizifunga kwenye kanga.

"Uzuri wa mkakasi," alisema Msabah, na hakumalizia, kwani nani asiyeujua mwisho wake.

Zuleikha akaipachika diski ndani ya bati, akakaza skrubu, akawasha. Ile mbaya ikakohoa, ikanguruma, nyumba nzima ikajua. Kabla kioo hakijatoa picha, Msabah alikwisha kuvaa kofia, kidole amekifunga kipande cha gazeti la pweza, anateremka ngazi.

Bi Bahiya aliitwa. Alikuja na buibui lake, akalivua mlangoni kama aliyeingia ukumbini. Na Bi Mwanakheri akatoka pale kwenye kioo, mtandio kiunoni, akiwasukuma vijana kwa nyonga, akicheka meno yote nje. Bi Bahiya alicheka naye. Akaomba irudiwe. Akaomba tena, na mara hii alilia kwa sauti, na Zuleikha akamuacha alie mpaka akashiba.

Alipomsindikiza mgeni wake chini, bado filamu ilikuwa haijaunganishwa, na kwa bati lile ingechukua mpaka isha. Zuleikha hakurudi juu. Mngurumo aliusikia kutoka hapo hapo, na ukinyamaza atajua. Akakaa kwenye kibaraza cha ndani, ndani ya daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Upande wa pili wa ukuta, barazani, kulikuwa na mgongo wa Msabah.

"Msabah," aliita.

"Naam."

"Bado."

"Najua. Naisikia."

Kidogo mkono ukapenya kwenye uwazi wa mlango, kidole kimefungwa gazeti, umeshika kikombe cha kahawa. Zuleikha akakipokea. Alikunywa nusu, akamrudishia nusu, akauegemeza mgongo wake ukutani, pale alipodhani ndipo ulipo wa mumewe.