Simbi Tisa Mlangoni mwa Pango

Watu wa Jinja hawanipendi, na mimi sijawahi kuwaomba mapenzi. Nilitoka Nakaloke, hapo juu ya Mbale, nikaja kujenga pango la mawe katika bustani ya hoteli ya Sukhdev. Mawe niliyachagua mwenyewe kule kwetu, yale mabaya yenye matundu, nikayapanga mpaka usingejua kuna mkono wa mtu. Katikati nikabandika makombe ya ziwani, kila moja nikilijaza saruji kwanza lisije likapasuka. Miezi mitatu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nasema bila haya.

Waiswa, mtunza bustani, alitaka kazi hiyo apewe kaka yake. Kila asubuhi alimwagilia maua akihakikisha maji yananirukia miguuni. Kwa hiyo siku ya mwisho, nilipopanga simbi, zile kauri ndogo nyeupe, juu ya mlango wa pango, midomo nje, naye akaja na maneno yake, sikuwa na sikio la kumpa.

"Fundi, hiyo toa," alisema. "Kwetu Busoga hiyo hapana pambo. Simbi tisa mlangoni ni kuita mizimu."

Nikamwambia akamwagilie mchicha. Simbi zilikuwa zimenibakia tisa mfukoni, ndiyo maana zikawa tisa. Kwetu Wagisu simbi ni ya kuvalia ngoma tu.

Wiki haikuisha tukakuta punje za kahawa mlangoni mwa pango, na kipande cha nguo ya gome, vitu vya sadaka. Nikajua ni Waiswa. Nilimkunja shati mbele ya wapishi.

"Mimi mwenyewe naogopa kupita hapo," alisema. "Wewe uliita watu. Hao wanakuja."

Watu wakaja kweli, wakipenya kwenye ua wa nyuma, wakapiga magoti mbele ya pango langu wakinong'ona shida zao. Wageni wa hoteli wakawapiga picha. Sukhdev akashuka bustanini uso umemwiva.

"Mimi niliagiza bustani, wewe umeniletea hekalu ya mashetani. Kesho hii yote vunja."

"Bosi, nipe leo tu. Hapana mtu atarudi."

Nilichukua nyundo na patasi. Magoti chini walikuwa watu watano. Mmoja wao namjua, Annah, anayekaanga samaki nje ya geti. Mtoto wake wa miaka minne hajasimama hata siku moja, na alikuwa mgongoni mwake. Ilikuwa siku yake ya nne kuja.

Nilipanda juu ya jiwe. Nikawaambia hili ni pango langu mimi Gaster, mawe ya Mbale na saruji ya dukani, hakuna roho ndani yake hata moja. Nikazing'oa simbi zote tisa, nikazilaza juu ya jiwe, nikazipiga nyundo moja baada ya nyingine huku nikiwatazama machoni. Sitadanganya, nilifurahi. Hasira ya miezi mitatu ilikuwa katika mkono ule, na hawa ndio walionikalia karibu.

Wanne wakaondoka bila kuniaga. Waiswa alifunga maji akaingia ndani. Sukhdev, aliyekuwa akitazama toka ngazini, akaniambia pango libaki, tena akanisifu mbele ya mpishi.

Annah hakuondoka. Alimtua mtoto kwenye nyasi, akaanza kuokota vipande kutoka juu ya jiwe, hata vile vilivyosagika, akivikusanya katika upindo wa gauni. Nilimwambia aache, atajikata. Akamaliza kwanza, ndipo akasogea akaninyooshea upindo ule. Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

"Bwana fundi," alisema, "wewe ndiye uliziweka. Wewe unaweza kuzigandisha tena."

Stoo kulikuwa na nusu mfuko. Nikamwambia saruji imeisha.