Kurasa Mbili Zilizofanana

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Bi Jicho, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Miaka kumi na tisa alisoma kila kitabu kabla hakijaingia mtamboni, na hata koma haikumponyoka. Simu ndiyo iliyomharibu. Mistari mitatu, anachungulia simu. Mistari mitatu, anachungulia. Ukimuuliza, ati anapumzisha macho. Macho gani hayo, jamani, yanayopumzika kwa kutazama video za paka?

Asubuhi moja fundi wa mtambo, aliyemheshimu kama dada yake, alimletea karatasi za kitabu cha shule.

"Dada, hebu tazama ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja."

Ulikuwa ukurasa ule ule, neno kwa neno, umepangwa mara mbili. Kila mmoja una saini yake Bi Jicho. Tena kwenye wa pili alikuwa amesahihisha koma aliyoiacha kwenye wa kwanza.

Mtu asome kitu kile kile mara mbili mfululizo asijue, huyo anasoma nini?

"Waliokosea ni wapanga kurasa," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Meneja hajaona. Akijua, kazi huna. Turekebishe tu, yaishe."

Bi Jicho akampa simu amshikie, akaanza upya, kwa sauti, kidole chini ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi alibana kicheko. Mstari wa nne mkono ukajiendea wenyewe mfukoni, ukakuta patupu. Aliona aibu, aibu hasa. Akaendelea. Kufika mchana alikuwa amemaliza sura mbili na kichwa kimetulia.

"Si unaona? Umepona, dada."

Alitaka kukubali. Ndipo akakikumbuka kitabu cha huduma ya kwanza, kilichotoka mwezi uliopita. Nakala elfu nne, zote zimeshagawiwa, nacho alikipitisha hivi hivi, simu mkononi. Akakitoa kabatini, akakaa, akafungua mwanzo.

Ukurasa wa tisa, kwenye kuzuia damu inayotoka kwa wingi, hatua ya kwanza ilifuatiwa na ya tatu.

Aliusoma tena, polepole, labda amekosea yeye. Hakuwa amekosea.

"Niitie meneja," akasema.

"Dada, fikiria kwanza."

"Niitie."