Mikwaruzo ya Viti

Kitu cha kwanza Twyla alichokiona katika mkahawa wa Darla Pruitt kilikuwa mikwaruzo sakafuni. Yote ilielekea kwenye kona ya mashine ya barafu, kama nyayo za ng'ombe ziendazo mtoni. Sababu aliijua Jumapili yake ya kwanza kazini, akiwa anapiga deki. Katika kona ile aliketi mzee mwembamba, Verlon Scoggins, akipiga gita kwa sauti ndogo kuliko ya mafuta yaliyokaanga kambare. Hakumtazama mtu. Aliimba kama anayejikumbusha jambo. Na watu, bila kujijua, walivuta viti kumfuata.

"Ongeza sauti, mzee!" Harlan, muuza matrekta, alizoea kumfokea mdomo umejaa samaki. "Tumekuja kusikiliza mbu hapa?"

"Anayetaka kusikia atasogea," Verlon alimjibu, na kweli, kabla wimbo haujaisha, kiti cha Harlan chenyewe kilikuwa kimesogea.

Jumapili hii viti havikuweza kusogea. Darla alivifunga kwa kamba za plastiki, safu kwa safu, vikitazama jukwaa jipya lenye spika ndefu kama milango. Ilikuwa sherehe ya kumuenzi Verlon. Saa kumi binti yake angefika na gari kumchukua, akaishi naye Arkansas, kwa maana vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kukakamaa. Twyla alikuwa na haja moja tu: amsikie tena, mara ya mwisho. Lakini gita lake lilikuwa ukutani, ndani ya sanduku la kioo lililokazwa kwa skrubu.

"Mzee wetu ametuachia liwe ukumbusho," Darla alitangaza. "Au sivyo, Mzee Verlon?"

Verlon alikubali kwa kichwa. Hakujaliwa neno hapana.

Twyla alikuwa akikusanya sahani. Darla alikuwa amechapisha uso wa mzee kwenye sahani za karatasi, na watu walikuwa wamekula juu yake. Mifupa ya kambare ilitoka machoni. Sosi ya nyanya ilimtiririka kidevuni. Kwenye sahani ya Harlan, mtu alikuwa ametema bonge la tumbaku katikati ya paji la uso. Twyla aliikunja mara mbili ili asiione.

Jukwaani alisimama Colt Radley, mwimbaji aliyejipatia jina kwa wimbo wa Verlon. Manukato yake yalifika hadi jikoni. "Mtu huyu ndiye mwalimu wangu!" alinguruma. Kisha akaupiga ule wimbo. Vikombe vilitetemeka mezani. Wimbo uliokuwa ukipita chumbani kama paka, leo uliburutwa kwa mkia.

Harlan alikuwa analia. "Alikuwa ndugu yangu yule! Hatutapata mwingine!"

"Nipo nyuma yako, Harlan," Verlon alimwambia. "Sijafa bado."

Harlan hakusikia. Nani angesikia? Mzee, aliyevalishwa utepe wa bluu kama ndama aliyeshinda maonyesho, aliinuka taratibu akaenda kwenye kona yake, akaegemea mashine ya barafu. Mikono ilining'inia, haijui pa kukaa.

"Twyla!" Darla aliita. "Futa kile kioo, kimejaa alama za vidole. Halafu tabasamu, mama, hapa si msibani."

Twyla alichukua kitambaa. Alichukua pia bisibisi ya kufungulia mashine ya kukaangia, iliyonata kwa mafuta. Alikifuta kioo mara moja. Kisha akaanza kulegeza skrubu, moja baada ya nyingine, mgongo wake ukiwaziba watu wasione. Kazi nyingine mjini pale hakuijua ilipo.

"We! Unafanya nini?" Darla alikuwa amemwona. Alijipenyeza kati ya safu, lakini viti vilivyofungwa pamoja vilimzuia, akabaki anahangaika mapajani mwa wageni wake mwenyewe.

Twyla alilibeba gita kwa mikono miwili hadi kwenye kona. Verlon alimtazama, akatazama gita. Kwa miaka yote ile hawakuwa wamesemezana zaidi ya "Kahawa?" na "Asante, binti."

"Darla atakufukuza," mzee alisema.

Twyla aliinua mabega.

Verlon alilipokea. Alikikunjua kidole kimoja, kisha kingine, kama anayefungua kitasa chenye kutu. Spika zilikuwa zinaendelea kupiga yowe. Akaanza hivyo hivyo, chini, chini kabisa, na nyuzi zilisikika kwa aliyekuwa karibu tu.

Twyla aliipindua ndoo yake ya deki, akaiweka miguuni mwa mzee, akaketi. Hakuwahi kuketi ndani ya chumba kile. Nje honi ya gari ililia mara mbili. Verlon hakuinua kichwa.

Nyuma yao, katikati ya kelele, kamba ya plastiki ilikatika. Mguu wa kiti ukakwaruza sakafu.

Twyla aliinama karibu na gita, uso ukimwaka.

"Mzee Verlon," alisema, "Jumapili zote zile nilikuwa napiga deki hapa hapa, karibu na gita. Sehemu hii hii moja. Ilikuwa safi tangu zamani."