Herufi ya Mzee Feivish

Mume wangu Anshel ni mwandishi wa Torati, huinakili kwa mkono neno kwa neno, na kazi hiyo inataka kichwa kitupu na moyo mmoja. Yeye kichwani ana kaisari. Nimeolewa na mtu na kaisari wake.

Nianze na baba yangu, Mzee Feivish, tunayeishi naye hapa Yerusalemu. Macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba mvua za baridi zikianza hataona kitu. Na kwetu Wayahudi kila mwanamume ameamriwa kuandika Torati maishani mwake. Asiyeweza, akiandika herufi moja tu ndani ya gombo, yaani ngozi zilizoshonwa pamoja, huhesabiwa kama kaandika gombo zima. Baba hakuwahi. Ndiyo maana wazee wa sinagogi walikubali kwamba gombo la Anshel likiisha, Baba apewe herufi ya mwisho siku ya sherehe. Basi. Anshel amalize, Baba aandike angali anaona. Ugumu uko wapi hapo?

Ugumu ulikuwa kwa Finehasi, kuhani aliyewaua wakosaji kwa mkuki, katika kitabu cha Hesabu. Mungu anamwahidi agano la amani, na katika neno hilo amani, kwa Kiebrania, kuna vav, herufi iliyo kama kijiti kilichosimama. Hapo, na hapo tu, huandikwa imekatika katikati. Wahenga wetu walisema amani iliyopatikana kwa mkuki si nzima, nami nikaona maelezo hayo yanatosha. Anshel hayakumtosha. Alikuwa amesoma habari za Frederiki, kaisari wa Wajerumani, aliyeupata mji wetu huu kwa mkataba na sultani wa Misri, bila vita, kwa miaka kumi tu. Miaka ikaisha, na amani ikakatika.

"Unaona, Gitel?" aliniambia mezani, samaki akipoa. "Finehasi alishika mkuki, Frederiki akashika kalamu, na amani zote mbili zimevunjika. Herufi ilikuwa inajua."

"Inajua kwamba baba yangu anapofuka?"

"Nivumilie kidogo tu."

"Kaisari wako amesubiri miaka mia nane, kuchelewa hakumdhuru. Baba hana muda huo."

"Mwache, mwanangu," Baba akasema kutoka kitini kwake. "Hata kaisari mwenyewe hakukaa hapa sana."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, maana vyombo niliosha mimi.

Hatimaye akakaribia mwisho. Nilikwisha kununua unga wa mikate ya sherehe, ndipo akaingia jikoni uso umempauka.

"Ngozi ya Finehasi haifai," akasema.

"Kuna kosa?"

"Hakuna kosa la kuonekana." Akakaa. "Kabla ya kuandika Jina la Mungu, lazima niseme kwa kinywa kwamba naliandika kwa utakatifu wake, na moyo uwe hapo. Kinywa kilisema. Moyo ulikuwa kwa Frederiki."

Jina halifutwi. Ngozi ikiharibika mahali pa Jina hutolewa, huzikwa, huandikwa nyingine, na mwandishi wetu huyu huandika kama anayepanda mlima. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka.

"Nani angejua, Anshel?"

"Ningejua mimi. Ningempa mzee herufi katika gombo bovu, naye angefurahi bure. Unataka nimfanyie hivyo?"

Hapo alinikomesha, na kukomeshwa na mwenye makosa kunauma mara mbili. Nikakanda unga ambao haukuwa na haja ya kukandwa. Kisha nikamgeukia.

"Nani kasema lazima iwe herufi ya mwisho?"

"Ndiyo desturi."

"Sikukuuliza desturi. Nakuuliza sheria."

Akakuna ndevu. "Kisheria yoyote inafaa," akasema polepole.

"Basi aandike kwenye ngozi mpya. Na safari hii kaisari abaki nje."

Akaiandika ngozi ile kimya, siku hadi siku, akaacha nafasi ya vav ya amani. Tukamsogeza Baba dirishani. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ngozi.

"Shuka kidogo," Anshel akamwelekeza. "Sasa inua kalamu, acha mwanya, kisha umalizie."

Baba akashuka kwa mstari mmoja, na kalamu hakuiinua.

"Umeiunganisha, baba mkwe."

"Nimeona."

"Itabidi niikwangue katikati kwa kisu."

"Utaikwangua. Lakini iache nzima mpaka nisiione tena."

Nilimsubiri Anshel alete habari za wafalme. Hakuleta. Akaitikia kwa kichwa tu.

Gombo lote likawa tayari isipokuwa ngozi hiyo. Wazee wa sinagogi walipokuja kuuliza kulikoni, mimi niliyekuwa nikipiga kelele za haraka ndiye niliyesimama mlangoni nikawaambia bado. Kila asubuhi baada ya sala, Baba aliletewa ngozi yake. Alipitisha kidole juu ya mistari bila kuigusa, akakisimamisha juu ya vav yake, akatabasamu, akaomba chai.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja kidole chake kilitembea kama kawaida, kikapita neno amani, kikaenda mpaka ukingoni mwa ngozi pasipoandikwa kitu, kikasimama hapo. Nikafumbua mdomo nimrekebishe. Anshel akanishika mkono.

Baba akarudisha mkono mapajani.

"Anshel, mwanangu," akasema. "Lete kisu."