Neno la Baada ya Fimbo

Firimbi ililia kabla ukungu haujaondoka, na kijiji kikatoka nje kikiwa bado nusu usingizini. Katika ukungu ule hukuona watu. Uliona vichwa tu vikielea juu ya mipamba, ukasikia kikohozi hapa, mguno pale, na mtoto mgongoni akidai ziwa. Ilikuwa miaka ya pamba ya lazima, na kila asubuhi ilifanana na nyingine hata watu wakawa hawajui kama wanaamka au wanaendelea kuota.

Bi harusi alikuwa mgeni. Alikuwa ameolewa juzijuzi kutoka ng'ambo ya mto, na hii ndiyo asubuhi yake ya kwanza shambani. Mama mkwe alikuwa amemfundisha yote njiani: usikae chini, usiimbe, usimtazame mnyapara machoni. Alisahau jambo moja tu, na hatumlaumu, kwa kuwa lilikwisha kuwa la kawaida mno hata mtu halikumbuki.

Kijiji kile hakikusema asante. Si kwamba watu wake walikosa adabu. Adabu walikuwa nayo hata ya kuwaazima majirani. Lakini mnyapara aliweka sheria kwamba kila aliyechapwa ainuke, asimame wima, aseme, "Asante, bwana," ndipo adhabu ihesabiwe kuwa imekwisha. Asiyesema hurudiwa. Mnyapara aliiita hiyo nidhamu, na pengine aliamini. Miaka ikapita, neno likaozea midomoni. Ukimpa jirani kaa la moto alisema "nimepata." Ukimtwika mtu mzigo alisema "haya," akaenda zake. Watoto walikua wakidhani asante ni sauti ya kuumia, ndugu yake uwii.

Askari ndiye aliyegawa majembe. Walimwita Nyamaza, maana hakuna alichokisema mara nyingi kuliko hicho. Jembe lilipomfikia bi harusi, alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomlea.

"Asante, kaka," akasema.

Mstari mzima ukaacha kupumua. Nyamaza alibaki na mkono hewani, hajui acheke au akasirike. Mnyapara, aliyekuwa akivuta soksi zake hatua chache kutoka hapo, akauliza binti amesemaje, akaambiwa. Mama mkwe akajitokeza haraka kueleza kwamba mtoto ni mgeni, hajui, kwao husema hivyo hata wakipewa maji. Mnyapara alimsikiliza kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. Akasema binti ameshukuru kabla ya kupewa. Yeye si mtu wa kudhulumu, basi na apewe alichokishukuria.

Akalazwa kifudifudi kati ya matuta. Mume wake alikuwa mstari wa nyuma, kijana mwenye kifua cha kuangusha fahali, naye alitazama vidole vyake vya miguu. Tusimcheke. Mtu aliyekuzwa kwa kiboko, miguu yake husahau kwenda mbele.

Fimbo ya Nyamaza ikaanguka. Bi harusi aliisikia kwa mbali, kama mtu anakung'uta mkeka upande wa pili wa mto. Karibu na pua yake sisimizi alikuwa akikokota unyuzi wa pamba, akipanda bonge la udongo, akiteleza, akipanda tena. Alimtazama kwa muda mrefu. Ukungu ulinukia udongo mbichi, na kwa kitambo alikuwa kwao, amejilaza kwa uvivu wake tu, mama yake anamwita aje ateke maji. Kisha maumivu yakafika, yote kwa pamoja.

Wakamsimamisha. Nyamaza akamwambia aseme.

"Niseme nini?"

"Asante."

Akafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia. "Nimeshasema," akajibu. "Nilipopewa jembe."

Hakuwa akifanya jeuri, alikuwa akisema kweli. Wakamlaza tena. Alipoinuka mara hii alikuwa ameelewa wanachokitaka, na ndipo kitu ndani yake kikakataa. Neno lile alilitoa kwao. Alilipenda. Hakuwa tayari kumpa mtu huyu, hapa, na udongo mdomoni.

Mama mkwe alimsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. "Sema, mwanangu, tukalime," akanong'ona. "Watakuua hawa. Ni neno tu."

Binti akatikisa kichwa, machozi yakimdondoka kidevuni. Mama mkwe alimhurumia. Pia alimwonea wivu, wivu kabisa, kwa sababu yeye alikuwa amelisema mara nyingi hata hakumbuki tena lilikuwa na ladha gani.

Jua likatoboa ukungu. Nyamaza alikuwa akihema, mkono umemlegea. Mnyapara, aliyekuwa akiamrisha muda wote huo, alikaukwa na koo, akaagiza maji. Mtungi ulikuwa karibu na mama mkwe. Akachota kwa kata, akampelekea kwa mikono miwili. Mnyapara akanywa yote, macho kayafumba kwa utamu wake, akafuta masharubu.

"Asante, mama," akasema.

Lilimtoka lenyewe. Naye alikuwa na kwao, naye aliwahi kulelewa. Watu wote wakamgeukia, si kwa ujeuri ila kwa mazoea: asemaye neno lile ni mtu aliyetoka kuchapwa, basi macho yakamtafuta mgongoni. Hakuna aliyecheka. Mnyapara aliona wanakomtazama, akaelewa polepole, kata ikiwa bado mkononi.

Mama mkwe alikuwa na woga wa miaka yote ile. Lakini mtu akishukuriwa hujibu.

"Si neno," akasema, akanyoosha mkono apokee kata yake.

Mnyapara akamrudia bi harusi kwa macho. Akafungua mdomo amwamuru aseme, na mdomo ukakaa wazi hivyo hivyo. Lile neno halikuja.

"Kalimeni," akasema mwishowe.

Wakainama wakapalilia, bi harusi naye akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu. Kesho yake watu walichapwa kama kawaida, ila hakuna aliyeambiwa ashukuru.